Maji ya Kutazama

Aliyemwambia mke wangu kwamba mie nimechoka ni nani? Maana mie sikusema. Nilisema mgongo waniuma, bas, na mgongo ukiuma mtu hukandwa na maji moto, hapelekwi porini. Lakini yuko shemeji yangu, yule mdogo wake mama Swaleh anayefanya kazi na kompyuta na hucheka peke yake, huyo ndo akaleta maneno, ati baba Swaleh ana stresi, apelekwe kule ziwa Jipe kuna kebini, kimya kabisa hakuna mtu. Nikamuuliza hakuna mtu kwa nini? Mahali pazuri huwa pana watu, nenda Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa, Jumapili jioni uone kama utapata pa kukanyaga. Akasema ndo raha yenyewe hiyo, na dadake akaitikia, na mie nikaambiwa nitie mafuta gari.

Yakhe mie nimezaliwa kisiwani. Maji yamenizunguka pande zote, nikitaka kwenda kumuona mama Mtongwe nayavuka kwa feri. Leo nayaacha hayo yote, bahari nzima, nende nikatazame ziwa la kilomita mraba 30 hivi na tena twagawana na Tanzania.

Tukatoka alfajiri na kikapu cha mahamri, Mariakani malori yamejipanga kama kawaida, Voi tukakata kushoto, Mwatate, Maktau, mbele kidogo lami tukaiaga na gari ikaanza kuongea lugha yake. Na njia nzima shemeji atuhadithia simba wa Tsavo, mbuga yenyewe twendayo, wale wawili waliokula wajenzi wa reli 1898, na kwamba madume wengi wa huko hawana manyoya ya shingo kwa hivyo usione hana manyoya ukadhani ni jike. Nani kamuuliza? Mie nimekaa nyuma na dirisha la upande wangu halifungi.

Kebini tumefika naiona, ni banda. Tena wenyewe wameandika banda, hawaoni haya. Banda nalolijua mie ni la viazi karai, au la kuku, sijawahi kulipa nilale ndani. Jiko unajipikia mwenyewe, taa ni ya sola inafifia ukiitazama sana, duka hakuna, na tumefungua kikapu tukakuta tumesahau chumvi. Chumvi! Watu wa pwani! Na maji yaliyo mbele yetu si ya bahari ati utachota upikie.

Haya, sitaki kudhulumu, milima ya Upare ng'ambo ile yapendeza, imekaa rangi ya samawati, na asubuhi Kilimanjaro ilijitokeza dakika kumi hivi nikanyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Kisha ikajifunika na mie nikaendelea.

Siku ya kwanza alasiri imeingia, nikapandisha suruali nikashika njia ya mafunjo nende nikatie udhu. Maji si hayo? Sijafika nusu nasikia firimbi. Askari wa pale, kijana wa Kitaita, mpole, mbio na bunduki yake.

"Mzee! Wenda wapi?"

"Kutia udhu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Hapo hauko peke yako mzee, wako viboko, na mamba wako."

Akanirudisha kama mtoto aliyetoka madrasa kabla ya saa. Ziwa zima hilo, na mie nikatia udhu kwa chupa ya maji tuliyonunua Voi. Sasa niambieni, maji ya kutazama ni maji ya nini? Kwetu watoto wajirusha na nguo zao za shule.

Jioni nikasema wacha nimpigie Swaleh nijue kama duka amefunga na kufuli zote mbili, simu ikaniletea ujumbe wa kunikaribisha Tanzania. Sijainuka kitini! Nikazunguka nyuma ya banda nikarudi Kenya, nikasogea kuangalia sufuria nikawa Tanzania tena, mpaka nikaizima.

Lakini yote tisa. Usiku ule. Kwanza usingizi hauji kwa sababu kimya kimezidi, mie nimezoea tuktuk, tivii ya jirani, paka wa Majengo wakigombania vichwa vya samaki, hivyo ndo nalalia. Nimelala macho wazi nikasikia nje ya ukuta kitu chatafuna. Krach, krach. Nikadhani ni shemeji na muguka wake, nikamwita pole pole, akaitikia kutoka kitanda cha pili. Jasho likanitoka. Akaninong'oneza ni kiboko huyo, mchana hukaa majini usiku hutoka kula nyasi, tani moja na nusu na mbio anamshinda mtu. Alisema hivyo kama anayenibembeleza.

Na chai ile ya jioni nilikunywa vikombe vitatu, na choo kiko nje, hatua ishirini, nilizihesabu mchana. Mke wangu hakufungua hata macho, akasema baba Swaleh, chupa ya Voi imebaki tupu. Ndoa ya miaka ishirini na mbili, nimeijua thamani yake pale.

Asubuhi askari kaja kutusalimia, twaona nyasi zimenyolewa mpaka chini ya dirisha langu. Nikamwambia bora nirudi kwetu, maji yetu hayana hawa. Akacheka. Mzee, kwani Mombasa mwanywa maji ya wapi? Mzima, bomba limelazwa tangu miaka ya 1950, na chemchemi za Mzima ziko hii hii Tsavo Magharibi, na viboko ndo kwao. Akaanza kunieleza mambo ya mvua ya milima ya Chyulu na maji kuchujwa na mawe ya volkano yakatoka safi kama kioo, maelezo mazuri wallahi, lakini mie nilikuwa nishasikia kiboko, hayo mengine yalipita tu.

Tumerudi Jumapili usiku. Mfereji mkavu, mambo ya nyumbani. Asubuhi kijana wa mkokoteni kapita na mitungi yake, nikamsimamisha mlangoni, nikamuuliza haya ni maji ya Mzima? Akaniapia kwa haraka ni matamu mzee, ya mfereji. Nikamwambia peleka mbele. Akaona biashara yampotea, akainamisha kichwa, akasema ukweli mzee ni ya kisima, yana chumvi kidogo.

Nikamwambia mimina yote.