Kila Mtu Kampala ni Supavaiza

Jamani, Kampala hii ukisema tu unaandika tasnifu ya uzamili, kila mtu anageuka supavaiza, yaani msimamizi wako wa utafiti. Wa bodaboda pale Wandegeya anakuuliza utamaliza lini. Shangazi anauliza kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, mbele ya wageni, matoke yakiwa bado njiani. Mwenye nyumba naye ndiye mtahini wa nje. Halafu wanafuata wafariji: "Jikaze!" "Mungu yupo!" "Mbona mwenzako kamaliza?" Sasa mwanafunzi wa watu ajikaze wapi, na sura ya pili imekwama tangu mvua za mwezi wa nne?

Unataka kumsaidia? Muulize, "Leo unaandika ukurasa gani?" Kisha kaa naye, kila mtu na kazi yake, simu zote zikiwa chumba kingine. Dakika 25 za kuandika, 5 za kujinyoosha, raundi nne, ndipo chai. Aliyeziogopa kurasa 100 haogopi dakika 25. Na kabla ya kufunga kompyuta aache sentensi katikati, kesho apate pa kushikia.

Tena nani kawaambia lazima waanze na sura ya kwanza? Anza na ya tatu, ya mbinu. Pale hakuna falsafa: ulikwenda wapi, ukahoji watu wangapi, uliwapataje. Nusu yake imo tayari kwenye pendekezo la utafiti. Ila hapo ndipo penye vituko. Mtu ananakili pendekezo zima, siku ya utetezi mtahini anasoma kwa sauti kwamba mtafiti atawahoji wakulima 60 wa Mbale, ilhali wakulima walishahojiwa, wakavuna, wakapanda tena! Pitia vitenzi kimoja kimoja, vyote virudi wakati uliopita.

Supavaiza mwenyewe, yule wa kweli, kimya. Lakini na nyinyi barua pepe zenu! "Naomba maoni yako, mwalimu," na chini yake kurasa 140. Nani atazifungua? Mpelekee sura moja, maswali matatu, kila swali na namba ya ukurasa, na upendekeze tarehe ya kukutana. Wiki mbili zikipita, mkumbushe kwa adabu. Mkishaonana, andika nusu ukurasa wa mliyokubaliana umtumie siku hiyohiyo, maana mwezi ujao atakuuliza nani alikuruhusu kuliondoa swali la nne la utafiti. Ni yeye.

Karatasi za vibali nazo! Kamati ya maadili, kisha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Ziombe mapema, uandike sura ya pili huku ukisubiri. Ukikaa bure kuzingojea, ndipo mawazo mabaya yanapohamia.

Turnitin, ile programu ya kulinganisha kazi yako na maandishi ya wengine, ikitoa asilimia kubwa, usizimie. Haijasema wewe ni mwizi. Imehesabu maneno yanayofanana na ya wengine, pengine hata orodha yako ya marejeo. Omba marejeo yaondolewe kwenye hesabu, kisha utazame aya zenye rangi. Aya nzima ikiwa imepakwa rangi na haina nukuu wala chanzo, hapo ndiyo ulie kidogo, kisha uandike upya.

Ila mtu akikaa wiki mbili hapati usingizi, hataki kula, anawakwepa marafiki, mambo ya dakika 25 yaweke kando, umpeleke ofisi ya ushauri nasaha chuoni, Makerere ipo. Akisema afadhali afe, usimwache peke yake hata kidogo, mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Na njiani usimhubirie.

Aliyefika mwisho, naye asiniharibie. Unakwenda duka la kuchapa na faili la Word, kompyuta ya pale inalifungua kivyake, jedwali linakatika vipande viwili. Beba PDF, na nakala nyingine iwe kwenye barua pepe, kwa kuwa flashi huko huvuna virusi. Chapa nakala moja kwanza, ufunue ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya jalada gumu kupigwa herufi za dhahabu, soma kila neno, hata jina lako mwenyewe, maana fundi ana haraka na tasnifu za wenzako zimejaa mezani.