Adili na lawama ya mhusika asiye na doa

Wahakiki wengi wakikutana na mhusika aliye mwema tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho humwita bapa, yaani asiye na undani wala mabadiliko, na mara nyingi neno hilo hutamkwa kama hukumu. Mfano mzuri ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ambamo majina huhukumu kabla ya matendo: upande mmoja Adili, upande wa pili nduguze wawili, Hasidi na Mwivu.

Walaumu wana hoja. Adili huwagawia mali ndugu waliotapanya urithi wao, na hata baada ya wao kumtupa baharini bado huwaonea huruma. Wema wa kiasi hicho si muhali, kwani kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Kinachochosha ni msimulizi kutangulia kumsifu, hata msomaji akabaki hana la kugundua wala la kumtetea. Sifa zinapotolewa bure, mhusika huonekana wa kubuniwa.

Watetezi hujibu kwamba hii ni hekaya, iliyo jirani ya Alfu Lela u Lela kuliko riwaya ya kihalisia, na kwamba kumdai Adili awe na nafsi iliyogawanyika ni sawa na kumdai Sungura wa ngano atueleze utoto wake. Nakubali, ila kwa kiasi. Utanzu huruhusu mhusika kielelezo, lakini haumlazimishi msomaji kumwamini.

Wala dosari peke yake si dawa. Siku hizi mhusika hubandikwa ulevi au siri ya zamani kama kiraka, kisha kila mtu humsamehe upesi, naye hubaki mkamilifu yule yule. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, huaminika kwa sababu nyingine: kuanguka kwake kunachipuka katika malezi ya baba mlevi aliyemchunga kwa kipigo, hivyo kosa na chanzo chake havitengani.

Ukimrudia Adili kwa jicho hilo, unakuta tukio moja ambalo lingeweza kumtoa katika ubapa wote. Kwa amri ya jini Huria, kila usiku huwachapa mijeledi ndugu zake waliogeuzwa manyani, na akishamaliza huwabembeleza na kuwalisha, huku mwenyewe akilia. Hapa wema wake una gharama, maana mkono unaopenda ndio unaoumiza, na akiuzuia adhabu itamgeukia yeye. Msimulizi anatuonyesha machozi hayo kwa ukarimu. Asichokigusa ni kama upo usiku hata mmoja ambapo Adili, akiikumbuka bahari, aliushusha mjeledi kwa nguvu kuliko alivyoamriwa.