Papa anayetembea, na mazuku yetu

Hapa Goma ukisema "papa", mtoto anageuka kumtafuta baba yake. Yule wa baharini wanamjua kwa filamu tu: meno, damu, watu wakikimbia majini. Kwa maoni yangu tunawafundisha papa asiyewahusu. Yuko mwingine, mdogo, kwa kawaida hafiki mita moja, ambaye mtoto wa hapa angemwelewa upesi kwa sababu ameshajua mazuku, yale mabonde na mashimo yenye gesi inayoua.

Mbuzi wa jirani yangu alifia shimoni upande wa Bulengo, alfajiri. Tulimkuta amepiga magoti, majani bado mdomoni, na kando yake mjusi na ndege wawili wasio na jeraha lolote. Kabonidioksidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, usiku usio na upepo hutuama bondeni. Anayeinama hapo hukosa oksijeni, hainuki.

Papa ninayemsema anaishi kaskazini mwa Australia na New Guinea, kwenye matumbawe. Nyuma ya kila pezi la kifua ana doa kubwa jeusi lililozungushiwa weupe, ndiyo maana wakamwita papa wa epoleti, zile za mabegani mwa afisa wa jeshi. Wataalamu humwita Hemiscyllium ocellatum.

Ziwa letu la Kivu halipwi wala halijai, bahari ndiyo hufanya hivyo. Maji yakipwa usiku, juu ya mwamba hubaki vidimbwi. Matumbawe, mwani na kaa wote wanavuta oksijeni ile ile, na gizani hakuna mmea wa kutengeneza nyingine. Yeye hutulia humo akitafuta minyoo na kaa. Akitaka kuhama, anakanyaga kwa mapezi yake manne huku mwili ukijipinda kama wa mjusi, hata juu ya mwamba ulioachwa wazi.

Watafiti walimweka kwenye maji yenye asilimia 5 tu ya oksijeni ya kawaida, akavumilia zaidi ya saa 3. Ubongo wetu huanza kuharibika baada ya dakika chache. Moyo wake hupunguza mapigo, presha hushuka, lakini ubongo haukatiwi damu. Ila baadhi ya sehemu za ubongo huo hupunguza kazi, kama nyumbani umeme ukiwa mdogo: friji inazimwa, taa moja inaachwa. Sisemi angepona Bulengo, maana mazuku huua kwa gesi yenyewe pia.

Kinachoniuma ni joto. Kwenye maji ya nyuzi 27 yai lake huanguliwa baada ya siku 125 hivi. Kwenye nyuzi 31 ni kama siku 100, na kitoto hutoka kidogo, kimechoka. Mnyama aliyezoea kukosa hewa anashindwa na nyuzi nne!

Nilimsimulia binti wa jirani, mwenye yule mbuzi. Akauliza: "Yaya, anajuaje kama hewa imepungua?" Mama yake alikuwa na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikachukua mmoja, nikafunua shavu, nikamwonyesha vile vitamvua vyekundu: humo mna chembe zinazopima oksijeni ya maji. Alikaa chini akafungua wa pili kwa ukucha, kisha wa tatu, mpaka mama yake akalihamisha beseni.