Beseni chini ya meza

Tamasha likikaribia Goma, mashariki mwa Kongo, husikika wazo lilelile: mama wauza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na mishikaki watolewe uwanjani, chakula kiachiwe mikahawa yenye kibali. Hofu ya magonjwa iliyo nyuma ya wazo hilo ina mizizi. Mji huu haujasahau Julai 1994, kolera (kipindupindu) ilipoua maelfu ya wakimbizi. Choo ni kigumu kuchimba kwenye mawe ya volkano, na wengi bado wanateka maji ziwani.

Lakini tazama chakula chenyewe. Sambaza anayetolewa kwenye mafuta ya digrii 170 na kuliwa papo hapo hana kolera, mradi asirudishwe kwenye sinia lililobeba wabichi. Wa kuogopwa zaidi ni wali wa bufee ya mkahawa, uliopikwa saa nne asubuhi ukakaa vuguvugu hadi alasiri. Kati ya digrii 5 na 60 vijidudu huzaana, na kijidudu kiitwacho Bacillus cereus huweza kuacha sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Kibali cha ukutani hakipimi joto la sufuria.

Kosa la mama liko chini ya meza, kwenye beseni. Bidoni moja ya lita 20 inaosha sahani za kutwa. Ikifika sahani ya ishirini, maji yana mafuta na mate ya watu ishirini, kisha kitambaa kimoja kinafuta sahani, meza na mikono. Yanatakiwa mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la tatu lenye lita 10 za maji safi na vijiko viwili vya kulia vya javeli (maji ya klorini ya kuua vijidudu) ya asilimia 3.5. Sahani ilale humo dakika mbili, ikaukie hewani bila kitambaa. Mafuta yasipotoka kwanza, klorini huishia kwenye uchafu na javeli imepotea bure. Kabichi ya kachumbari nayo, kwa kuwa haipiti motoni, ioshwe kwa maji yaliyotiwa klorini nusu saa kabla.

Wanaotaka marufuku wana haki hapa: pasipo maji, mabeseni matatu ni maneno matupu. Hakuna mama wa kupandisha bidoni tano kutoka ziwani huku amebeba makala (mkaa). Basi anayemtoza ada ya meza amwekee tanki lenye bomba karibu na majiko, lijazwe kabla ya saa sita. Akimfukuza getini, makala hayatazimika. Mama atauzia barabarani nyuma ya ukuta, watu walewale watatoka kumfuata, na huko beseni litabaki moja.