Blanketi la Baridi ya Mwaka Juzi

Baridi ya Uyole, huku kwetu Mbeya, muisikie kwa watu tu. Mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje alfajiri kupiga mswaki, maji yanakuuma fizi kama una deni nayo. Najua wenzetu wa Njombe na Makete watacheka, watasema wao wanaamka wakakuta barafu juu ya majani ya viazi. Sawa, kombe wachukue. Mimi naisema ya kwangu.

Basi ni katika baridi hiyo, mwaka juzi, nikiwa nimestaafu na sina pa kwenda, nilipokalia cherehani ya mke wangu, Mama Neema, ile ya kukanyaga kwa miguu, nikatangaza kwamba nitashona blanketi la viraka. Vipande vya vitenge juu, katikati blanketi langu kuukuu la tangu shule ya bweni, chini shuka. Kisha unapitisha mishono mpaka vyote vitatu vishikane. Nikapiga hesabu: vipande saba kwa upana, vinane kwa urefu. Saba mara nane, hamsini na sita. Nikasema hiyo ni kazi ya wiki mbili, Nanenane itanikuta nimejifunika.

Nanenane ile ikapita. Ya mwaka jana ikapita. Ya mwaka huu vipaza sauti vyake nimevisikia kutoka uwanjani nikiwa nimejifunika koti.

Si uvivu. Nawaambia kabisa, si uvivu. Kwanza vitambaa. Mafundi wa Mwanjelwa wakikata nguo wanaangusha vipande chini ya meza, na mtu mwenye macho hawezi kupita akaviacha. Nikawa naenda na kiroba changu, nasalimia vizuri, nainama, naokota. Sikujua kwamba mtaani natazamwa. Siku ya tatu shemeji akapiga simu kutoka Tukuyu. "Ugonile, shemeji. Tumesikia unaokota matambara sokoni. Kiinua mgongo kimekwisha?" Nikamweleza habari ya blanketi. Akanyamaza, halafu akaomba nimpe dada yake simu.

Lakini adui mkubwa wa hili blanketi si shemeji. Ni mvua.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Inaanza Novemba, inatuaga Aprili au Mei. Maana yake ni kwamba baridi ikiisha, mkono wangu ukaanza kuzoea sindano, jakaranda zinachanua, na Mama Neema anabadilika. Mwanamke ambaye Julai alikuwa ananiletea chai ya tangawizi pale pale kwenye cherehani, akisifu rangi, Oktoba anapita na jembe begani bila kutazama vitambaa. Shamba halijasafishwa. Mbolea ya kupandia haijachukuliwa. Bustani ya nyuma inataka samadi, vitalu vya kabichi vinataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni, na kuku wa jirani wameshajua njia. Kule hifadhi ya Kitulo, ambako watu wanakuita Bustani ya Mungu, maua yanaota kwa mamia ya aina na hakuna mume anayeamshwa saa kumi na mbili kuyapalilia. Mimi nina matuta manne ya mchicha na sina amani.

Sasa niwaambie habari ya kamba.

Mama Neema ana kamba ya katani ya kupandia mahindi. Bwana shamba alimfundisha: mstari na mstari sentimita 75, shimo na shimo sentimita 30, mbegu moja moja. Kwa hiyo kamba ile imefungwa alama kila baada ya sentimita 30, na alama zenyewe ni vitambaa vyekundu. Mimi vipande vyangu vilikuwa vya sentimita 30 kwa 30. Futi ya fundi sina, wajukuu waliikata wakachezea. Ningefanyaje? Nilichukua kamba. Nikawa nakatia vitambaa kwa kamba ya mahindi, na kazi ikaenda vizuri mno, mpaka siku mbili za kwanza za mvua.

Siku hizo tulipanda kweli. Manyunyu, tope, kamba imelowa, vibarua wawili, mimi nachimba, Mama Neema anaweka mbegu. Jioni nikarudi mwili unauma, nikaona nijiliwaze kidogo, nikakata vipande kumi na viwili kwa kamba ile ile. Kesho yake naunganisha: havilingani! Kila kipande kimepungukiwa kama upana wa kidole. Nikakagua mkasi. Nikakagua macho. Nikamlaumu mjukuu, kwa uzoefu tu. Kumbe katani ikilowa inavimba na kujikunja, kamba inakuwa fupi. Inanyooka tena ikikauka, kana kwamba haijafanya kitu.

Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini. Alimwita jirani aje kuona viraka vya mvua na viraka vya jua. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza kwa upole, "Mama Neema, na mahindi tuliyapanda kwa kamba ipi?"

Kicheko kilikatika kama uzi mbovu. Alitoka, akaenda shambani, akarudi, hakusema neno. Mpaka leo mahindi ya upande wa bondeni yakibanana hatuyazungumzii mbele za watu.

Na zile alama nyekundu? Hapo nakiri. Kuna kona moja ya blanketi ilipungukiwa wekundu.

Halafu kuna suala la sakafu. Blanketi la viraka halishonwi hivi hivi. Lazima utandaze vipande vyote chini uone rangi zinavyosalimiana, maana ukiweka samaki wa bluu jirani na tausi wa njano, wataamka wanagombana. Sakafu ya kutosha nyumbani kwangu ni moja, ya sebuleni. Na sakafu hiyo hiyo ndiyo Mama Neema anachagulia mbegu za maharage. Wiki moja nzima tuligawana kama nchi mbili: vitenge magharibi, maharage mashariki, mpaka ukiwa mguu wa meza. Kuku jike akaingia, hakuheshimu mpaka. Alikula mashariki, akaja kujisaidia magharibi.

Siku hiyo nilikuwa nimeachiwa pia chungu cha kande jikoni. "Utaangalia, eeh?" Nikasema nitaangalia. Mtu anayepanga vipande 56 na kufukuza kuku, ataangaliaje kande? Nilijua imeungua pale harufu ilipokuja na mjukuu akauliza kama tunachoma shamba.

Usiku huo, tukila viazi vya haraka haraka, Mama Neema alifanya hesabu yake. Ni mwekahazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, hesabu zake haziombewi msamaha. "Baba Neema," akasema, "nusu ekari, kwa sentimita 75 na 30, ni mashimo karibu 9,000. Tumeyachimba na kuyafukia kwa siku nne. Wewe vipande 56, miaka miwili. Nieleze." Nikamwambia shimo la mahindi halitaki kupigwa pasi. Akasema na blanketi halipigwi pasi. Nikamwambia ndipo asipoelewa, kila mshono unapigwa pasi kwanza ulale. Akatazama pasi yangu ya mkaa, akatazama gunia la mkaa lilivyopungua, akaacha kula.

Haya. Sasa ni Novemba tena. Nimebakiza vipande tisa, tisa tu, vyote vimekatwa kwa rula ya mbao niliyoichonga mwenyewe. Asubuhi hii mawingu yamekaa juu ya mlima Loleza tangu kuche, upepo umegeuka, na mtaa mzima unasikika majembe yakigongwa yakazwe mipini. Mimi nimejifungia, naunganisha safu za mwisho. Nimeketi juu ya kamba, makusudi.

"Baba Neema! Kamba iko wapi?"

Nimekaa kimya. Mguu unakanyaga taratibu ili cherehani isilie.

"Baba Neema!"

"Nakuja, namalizia mstari!"

Pakapita kimya kidogo nje. Nikasikia akimwuliza kibarua, kwa sauti ambayo alijua itanifikia, kwamba mzee anamalizia mstari gani, na shambani bado hatujapanda hata shimo moja.