Uniti ya 76: umeme wa kupikia unapogeuka ghali

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ruzuku iliyoonekana zaidi ni ya vifaa: Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imeuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei. Lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, gesi hujazwa kwa mkupuo. Ikiisha tarehe 20, mtungi unasukumwa uvunguni na jiko la mkaa linarudi uani.

Jiko la presha la umeme lingeziba pengo hilo, maana LUKU, umeme wa kulipia kabla, hununuliwa hata ya elfu moja. Lile la lita 6 lina wati 1,000. Presha ikijaa linajizima na kujiwasha lenyewe, hivyo nusu kilo ya maharage hula takribani nusu uniti. Shida ni ngazi za bei. Mteja wa D1, kundi la majumbani lenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi ya 75 kwa mwezi, kisha 350. Ukiweka VAT na tozo, 122 na 427. Anayetumia uniti 60 hulipa 7,320. Akipikia uniti moja kwa siku anafika 90, analipa 15,555. Inavumilika. Ila akizoea kuvuka 75 anahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kabla ya kodi tangu uniti ya kwanza: karibu 32,000 kwa matumizi yaleyale. Kuacha mkaa kumemponza.

Wanaotetea kikomo hicho wana hoja. Ukikipandisha kwa wote, mwenye friji mbili naye anajipenyeza kwenye ruzuku ya maskini, na pengo linabaki kwa shirika la umeme, TANESCO. Isitoshe, bei haitibu laini dhaifu: volti zikishuka hadi 180, jiko la wati 1,000 linabaki na kama 610, na wali unakuwa bokoboko.

Afadhali mteja aachwe D1 hata akifika 110, aendelee kulipa 350 kwa kila uniti iliyozidi. TANESCO itabeba zile 75 za kwanza tu, ambazo tayari ilikuwa inazibeba.

Mpangaji hata hapo hafaidiki. Vyumba sita, mita moja, T1 tangu zamani, na ukutani mwenye nyumba ameandika kwa chaki: marufuku kupikia umeme.