Epsiloni ya 70

Kalkulasi niliimaliza kifua mbele: naingiza namba, napata jibu, nafunga daftari. Kwa hiyo mhadhiri wa uchanganuzi wa namba halisi alipouliza nani atathibitisha kuwa x² haikatiki, ni endelevu, pale x = 3, nilifika ubaoni kabla hajamaliza kusema. Tatu mara tatu si tisa? Nini tena?

"Kwa epsiloni yoyote kubwa kuliko 0, tupatie delta," akasema, kisha akaketi. Huko kuketi kulipaswa kunishtua. Epsiloni ni pengo analoliruhusu kati ya x² na 9; delta ni umbali kutoka 3 ambao x ikikaa ndani yake, pengo hilo halifiki epsiloni.

Nikayaandika maneno yake, kisha |x² − 9| = |x − 3||x + 3|. Hapo salama. Nataka yote yawe chini ya epsiloni, basi nikagawanya: delta = epsiloni ÷ |x + 3|. Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

"x gani hiyo?"

"Si hii hapa, mwalimu."

"Delta inachaguliwa kwanza, kijana. x hajazaliwa. Umemshonea suti mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa."

Darasa likaangua kicheko. Nikafuta kwa mkono wa shati. Karibu na 3, x + 3 iko karibu na 6. Tuseme haifiki 7. Delta = epsiloni ÷ 7!

"Epsiloni yangu ni 70," akasema.

Delta ikawa 10.

"Nachukua x = 12. Iko mbali kiasi gani na 3?"

"9. Imo ndani ya delta."

"Haya, 144 toa 9?"

135, imeipita 70. Nikajitetea kwamba epsiloni kwa kawaida ni kitu kidogo. Akalinyooshea kidole neno "yoyote" ubaoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Ile 7 ilikuwa na masharti yake: x iwe kati ya 2 na 4, yaani delta isizidi 1. Dada mmoja wa safu ya nyuma akasema bila kuinua kichwa, "Chukua iliyo ndogo kati ya 1 na epsiloni ÷ 7." Kwisha.

Nikaanza kurudi kitini.

"Bado. Sasa nipe delta moja itakayofaa kila mahali, si kwenye 3 tu."

Nilikuwa nimejaza ubao mzima alipotazama saa. "Haipo," akasema. "Chukua n na n + 1/n. Zinasogeleana kadiri utakavyo, lakini zidisha kila moja kwa yenyewe, majibu yanaachana kwa zaidi ya 2. Nilitaka tu kuona utajua saa ngapi."